LL.M (uzamili wa sheria) yenye hela ya kujikimu: Chevening, Chuo Kikuu cha Pretoria au TGCL pale Mlimani?

Binti wa Tukuyu: Wakuu, shikamooni. Nilimaliza LL.B (shahada ya kwanza ya sheria) Iringa, sasa natoa msaada wa kisheria hapa Mbeya mjini, mwaka wa pili huu. Nyumbani tunalima chai na viazi. Hata ada ikilipwa yote, chumba na chakula wazazi hawataviweza. Kati ya hizo tatu, ipi inambeba mtu kwa gharama zote?

Mnyalukolo: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa ada, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi, mwaka mmoja huko Uingereza. Wanataka saa 2,800 za kazi, na za kujitolea zinahesabika, kwa hiyo usizidharau ulizofanya bila mshahara. Ukimaliza unarudi nchini kwa miaka miwili. Ukiwa na mtoto jipange, maana posho ni yako peke yako.

Mama Uyole: Marahaba mwanangu. Kwa kazi unayofanya, mimi ningetazama Pretoria kwanza. LL.M yao ya haki za binadamu na demokrasia ipo tangu 2000, darasa la watu kama 30 kutoka Afrika nzima. Muhula wa kwanza mnakaa Pretoria, wa pili mnatawanywa vyuo vingine barani. Hapo ndipo pa kuuliza kwa maandishi: nauli ya kuhama na posho ya muhula wa pili vimo? Neno "ufadhili" kwenye tangazo lisikutoshe, dai mchanganuo. Binti yangu alisomeshwa nje na wafadhili wengine, posho ya kwanza ikachelewa, tukauza mahindi kumtumia hela ya kula. Tenga akiba ya mwezi wa mwanzo, popote utakapokwenda.

Wakili Mafinga: TGCL msiipite haraka. Ni kituo cha masomo ya sheria, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) na cha Bayreuth, Ujerumani, tangu 2008, DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) ikifadhili, na mkazo ni sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huhitaji viza, unapanda basi tu. Ila dada, Law School, yale mafunzo ya vitendo ya kuwa wakili, umepita? LL.M haikufanyi wakili. Kama bado, Bodi ya Mikopo (HESLB) siku hizi inakopesha na wa Law School.

Kijana wa HGL: Samahani wakuu, mimi nasubiri matokeo ya kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nataka LL.B. Samia Scholarship inanihusu?

Wakili Mafinga: Hapana mdogo wangu, hiyo ni ya waliofaulu sana masomo ya sayansi. Wewe omba mkopo HESLB. Boom, yaani hela ya kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku, inasaidia chakula na malazi, lakini ni deni: ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Binti wa Tukuyu: Law School bado. Basi naomba Pretoria na Chevening pamoja, nikikosa zote naingia Law School kwa mkopo.

Mama Uyole: Sawa kabisa. Walimu wako wa Iringa waombe barua za utambulisho wiki hii, kabla hawajaenda likizo.