Naomba ushauri: chapa ya puto la 1783, euro 650

Mpenda_Chapa: Wakuu, salaam. Nipo Paris. Kuna muuzaji ana chapa ya bamba la shaba, yaani picha iliyochapwa kwa bamba lililochongwa: puto la hewa moto la ndugu Montgolfier likipaa La Muette tarehe 21 Novemba 1783, Pilâtre de Rozier na marquis d'Arlandes wakiwa ndani. Ina madoa ya kahawia. Anataka euro 650. Ninunue? Na madoa yanatolewaje? Usingizi sipati.

Kalamu_ya_Chuma: Itoe kwenye fremu kwanza. Bamba likigandamizwa huacha bonde la mstatili kuzunguka picha. Lipapase kwa kidole. Bonde peke yake halitoshi, hata nakala hughushiwa bonde. Chukua lenzi ya mara 10: mstari wa kuchongwa ni wino mtupu, unaanza mwembamba, unanenepa, unaishia ncha. Ukiona vitone vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya kamera.

Mpenda_Chapa: Muuzaji hataki fremu ifunguliwe. Ila karatasi imegeuka hudhurungi, ni ya zamani tu.

Mama_Makabati: Hudhurungi si ushahidi. Karatasi ya matambara ya karne ya 18 mara nyingi ni nyeupe kuliko ya mbao ya 1900. Achana na maputo, tafuta majengo ya Roma ya mchongaji Piranesi. Alifariki 1778, mabamba yakaendelea kupigwa chapa Roma, kisha Paris. Shaba hulika, kwa hiyo za mwishoni vivuli vimefifia na bei yake ni nafuu.

Mpenda_Chapa: Turudi kwenye puto. Nimeimulika kwa nyuma, haina ile mistari inayoachwa na nyaya za chekeche la kutengenezea karatasi.

Kalamu_ya_Chuma: Basi imechapwa baadaye, karatasi nyingi za wakati ule zilikuwa nayo.

Mtu_wa_Nyaraka: Si lazima. Ukoo wa Montgolfier ulikuwa wa watengeneza karatasi pale Annonay, na ni miongoni mwa waliotangulia kutengeneza karatasi isiyo na mistari Ufaransa. Lenzi ndiyo itakayoamua.

Fundi_Gundi: Subirini. Fremu haifunguliwi, ameimulikaje kwa nyuma? Hii chai.

Mpenda_Chapa: Si chai. Nimeshailipia, ipo nyumbani tangu Jumamosi. Naruhusiwa kuirudisha hadi Ijumaa. Na nimeshanunua dawa ya klorini ya nguo. Madoa yakitoka itapendeza. Muuzaji ni mtu mzima, hawezi kunidanganya.

Fundi_Gundi: Hiyo klorini usiiguse! Wino mweusi utabaki, lakini kama kuna rangi za maji zitapauka, na mabaki yake yataendelea kula nyuzi mpaka karatasi ivunjike ukiikunja. Madoa yaache. Ishikize ukingo wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwenye kadibodi ya pamba isiyo na asidi. Selotepu kamwe: gundi yake hupenya, haitoki tena.

Mpenda_Chapa: Nimepitisha lenzi. Mistari ni wino mtupu, vitone hamna. Ila bonde silioni. Karatasi imekatwa karibu na picha.

Mama_Makabati: Upande mmoja au pande zote?

Mpenda_Chapa: Zote nne.

Mama_Makabati: Hapo ndipo thamani iliposhuka, na ndiyo maana fremu haikufunguliwa. Mpelekee picha za kingo leo. Asipopunguza bei, irudishe kabla ya Ijumaa.