Bekapu inagoma eti nafasi haitoshi: nichukue diski ya 1TB, SSD ama nilipie ya mtandaoni?

SaibaNjoro
Wadau habari zenu. Niko na saiba ndogo hapa Njoro na kompyuta moja ndio iko na kila kitu, mitihani ninayochapia shule, logo za wateja, hesabu za chama, yaani hio mashini ikienda na mimi nafunga duka. Sasa kila nikianza bekapu inaenda kidogo halafu inagoma, inasema nafasi kwenye diski haitoshi. Ijumaa naingia tao Nakuru na niko na kama elfu nane. Nimeambiwa kuna diski ya nje ya 1TB, ile ya kuzunguka, kuna SSD ya 500GB, ile haina kitu kinazunguka ndani, ama nilipie tu Google kila mwezi. Nichukue gani?

Kondele_Finest
1TB. Imeisha hio.

Dala_Teknisheni
Imeisha vipi na shida hatujaijua? Madam, hujasema ni Windows gani, bekapu unafanya na programu gani, unaiweka wapi, na huko unakoiweka kumebaki nafasi ngapi. Ule ujumbe pia uandike vile uko, na namba yake. Ukienda kwa daktari useme tu "naumwa" atakupa Panadol.

Lanet_Boy
Mimi nashuku ni flashi imefomatiwa FAT32, ule mpangilio wa zamani wa kuweka faili. Hapo faili moja ikifika 4GB haiingii ata flashi ikiwa tupu. Fomati exFAT, mpangilio hauna hio shida, uendelee na maisha. Lakini toa vitu vyako kwanza, kufomati kunafuta.

Mulembe_Studio
Chochote utakachonunua nunua duka linaloandika risiti, dadangu. Mimi hupiga video za harusi huku Bungoma. Kuna wakati kompyuta ilijaa kabisa, nikapatana na jamaa anauza flashi ya 2TB chini ya elfu mbili, stika inang'aa, anaapa ni orijino. Tukaichomeka hapo hapo ikasoma 2TB, nikalipa. Nikahamishia harusi kadhaa, majina ya faili yote yakaonekana na saizi zao, basi nikafuta za kwa kompyuta ili nipate nafasi. Baadaye bibi harusi mmoja wa Webuye ananipigia anataka ile sehemu mamake anamkabidhi kwa wakwe. Nafungua, kioo cheusi. Nafungua ingine, nyeusi. Ni zile nilizoweka mwanzo mwanzo tu ndio zilicheza. Fundi akaipima na H2testw, ile programu inajaza diski halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichoko, ndio tukajua ndani mna 32GB peke yake. Chipu imefundishwa kusema 2TB, ikijaa inajifanya inapokea na kumbe inatupa. Kumpigia muuzaji, mteja hapatikani. Nilirudisha pesa ya watu na hadi leo ile familia tukipatana stendi wananipita kama hawanijui.

Kondele_Finest
Pole sana. Lakini 2TB chini ya elfu mbili, si bei yenyewe ilikuwa inakuambia?

Mulembe_Studio
Wewe ungeambiwa ungesikia?

SaibaNjoro
Pole @Mulembe_Studio, hio ni uchungu. Nilikuwa na wateja ndio nimerudi. Ni Windows 10. Natumia ile bekapu ya Windows yenyewe, Backup and Restore, nimechagua ichukue mashini yote pamoja na sistimu. Naiweka kwa diski ya nje ya 500GB ambayo bado iko na zaidi ya 300GB. Vitu vyote kwa kompyuta ni kama 210GB. Namba ni 0x80780119.

Dala_Teknisheni
Umesema 300GB ziko wazi na vitu ni 210? Basi usinunue kitu bado! Hio namba haiongei kuhusu diski ya nje peke yake. Windows kabla ipige bekapu ya sistimu hutengeneza kopi kivuli, yaani picha ya muda ya vile vitu viko saa hio, ya kila patisheni (kipande cha diski) inayohusika, pamoja na zile ndogo zimefichwa ambazo huzioni kwa My Computer. Patisheni ikiwa chini ya 500MB lazima ibaki na 50MB wazi, ikipita 500MB inataka 320MB wazi. Patisheni ya rikaveri, ile ya kurekebisha Windows ikikataa kuwaka, kwa mashini nyingi ni kama 500MB na kitu, na imejaa. Ata ununue 4TB itagoma pale pale. Fungua Disk Management, ile ya Windows inaonyesha patisheni zote, utuambie kuna patisheni gani.

Lanet_Boy
Kwa hivyo ya 499MB inahitaji 50 na ya 529MB inahitaji 320? Nani alipiga hio hesabu?

Dala_Teknisheni
Waulize Microsoft. Ndio maana kuna watu huipunguza kidogo ishuke chini ya 500 na bekapu inapita.

Linux_Kakamega
Wachana na hio bekapu ya Windows. Microsoft wenyewe walitangaza 2017 wanaiacha, ni vile tu hawajaitoa. Weka Clonezilla kwa flashi, washa kompyuta nayo, inakopi diski mzima bila kuuliza mambo ya vivuli, na ni bure. Na Windows 10 yenyewe saporti iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ungeweka Linux Mint, sistimu ya bure badala ya Windows, hizi shida zote hungezijua.

Kondele_Finest
Nilijua tu utakuja. Saiba na Linux? Mwanafunzi wa Egerton anakuja na kazi yake ya Word, inafunguka imepangika kivingine, unamwambia nini?

Linux_Kakamega
Namwambia alete PDF.

SaibaNjoro
Jamani msigombane. Nimeangalia. Kuna moja ya 100MB imeandikwa EFI, kuna C, na mwisho kuna 529MB imeandikwa Recovery, 100% free.

Lanet_Boy
Iko tupu basi. Dala amekosea.

Dala_Teknisheni
Sijakosea. Disk Management huonyesha patisheni ya rikaveri 100% ata ikiwa imejaa hadi mlangoni. Kujua ukweli unaingia diskpart, programu ya Windows ya kuandikia diski amri, unaipatia herufi, kisha unaangalia imebaki ngapi. Nikuulize kitu kingine, kutoka Januari 2024 kuna apudeti ilikuwa inakataa na 0x80070643?

SaibaNjoro
Eeh! Ilinisumbua nikaizoea.

Dala_Teknisheni
Sasa umeona. Ile ilikuwa inataka 250MB wazi kwa hio hio patisheni ya rikaveri, ikikosa inafeli. Mimi niko karibu na hakika ni hapo. Unakata C kidogo uiongezee.

Mulembe_Studio
Umwambie akate patisheni na hana bekapu? Stima ikipotea katikati? Dadangu, kwanza kopi folda zako kwa hio diski ya 500GB na mkono, kopi na kubandika tu, leo kabla ufunge. Sistimu ata ikienda fundi ataiweka upya, lakini mitihani ya watu utaitoa wapi?

Dala_Teknisheni
Hapo sina neno. Kopi kwanza.

Kondele_Finest
Na bado anahitaji diski ya pili. Moja ikae duka, ingine nyumbani, mwizi akiingia asibebe zote. Kwa hivyo 1TB, nilisema.

Lanet_Boy
SSD. Ya kuzunguka ikianguka kutoka mezani umemaliza, hapo ni kusikia tik tik tik.

Linux_Kakamega
Ya kuweka kabatini miezi na miezi bila stima siwezi weka SSD. Inaweza poteza vitu ikikaa sana. Ya kuzunguka, na usiiangushe.

Lanet_Boy
Nani anaweka bekapu ya biashara miezi na miezi? Si atakuwa anaichomeka kila wiki?

SaibaNjoro
Na ya Google?

Dala_Teknisheni
Ya bure ni 15GB, na ukilipia 100GB bado hazitoshi 210 zako. Halafu piga hesabu, kama intaneti yako inapandisha 5Mbps, 210GB ni karibu siku nne mchana na usiku bila kukatika, na wateja wako wakingoja. Weka huko mitihani na chama pekee.

Kondele_Finest
Mkinunua hio 1TB msishtuke ikisoma 931. Mimi nilirudisha dukani nikidhani nimeibiwa.

Linux_Kakamega
Mwenye kuitengeneza anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Kondele_Finest
Na 69 zangu ziko wapi?

SaibaNjoro
Nimeanza kukopi folda, inasema imebaki saa tatu, mara dakika arobaini, mara saa tano. Mambo ya diskpart kusema kweli naogopa, kuna fundi mwaminifu Nakuru mnayemjua anaweza fanya hio kazi Ijumaa nikiwa huko? Na anatoza ngapi?

Lanet_Boy
Mletee Dala hapo Kisumu ule na samaki.

Dala_Teknisheni
Nauli itamaliza pesa ya diski. Kabla ugusiwe hio patisheni hakikisha huyo fundi anajua reagentc, ile amri ya kuzima na kuwasha rikaveri ya Windows, ni nini. Akikuambia tu "tupige Windows mpya", beba mashini yako uende.

Bungoma_Classic
Samahani kuingilia, simu yangu pia inasema nafasi haitoshi na nimefuta picha zote, shida inaweza kuwa nini?

Kondele_Finest
Simu gani?