Tupeane uzoefu: stesheni wagoni ya zamani na kipimo cha moshi

Mbeba Boksi (Lawrenceville, Georgia)

Wakuu, habari za huko mliko. Wenye stesheni wagoni za zamani njooni tukae hapa. Yangu ni ya 2005, imeshakula maili 191,000, na ndiyo iliyobeba kila godoro na kila gunia la mchele la Waswahili wa mtaa huu. Ila kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya siku yangu ya kuzaliwa, naanza kuumwa tumbo. Georgia usajili wa gari la mtu unaisha siku aliyozaliwa, na kwenye kaunti 13 za eneo la Atlanta hupati stika bila kupita kipimo cha moshi. Ndiyo zawadi yangu hiyo.

Mwaka jana niliferi. Taa ya injini iliwaka wiki mbili kabla, na hapa taa ikiwaka tu umeshaanguka. Nikaenda gereji moja, fundi akachomeka mashine, ikasoma namba ya kosa P0420. Akasema masega, yale ya kusafisha moshi kwenye bomba, yamekufa, dola 1,400. Hakuinama hata kuchungulia chini ya gari. Nikamwambia nitarudi, ile nitarudi ya kumwambia muuza duka.

Jamaa wa kazini akaniambia mbona rahisi, ana kimashine cha dola 20, anafuta kosa, taa inazima, naingia kupima kabla haijawaka tena. Akafuta pale pale kwenye maegesho ya kituo cha kupimia. Dada wa kupima akachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akatazama skrini, kisha akanitazama mimi. "Umefuta leo?"

Kumbe ukifuta, kompyuta ya gari inapoteza na majibu ya vipimo inavyojifanyia yenyewe: masega, sensa za oksijeni, mvuke wa petroli. Lazima ivirudie upya ukiwa barabarani. Gari ya petroli ya 2001 kuja mbele inaruhusiwa kipimo kimoja tu ambacho hakijakamilika. Yangu ilikuwa na vinne. Nimejianika mwenyewe.

Kilichonitoa ni masikio. Jumamosi asubuhi, injini baridi, nikawasha nikalala chini na tochi. Nasikia tss-tss-tss kwenye maungio ya bomba la moshi, karibu na ile sensa ya pili ya oksijeni. Nikapulizia maji ya sabuni ya vyombo, povu likachemka kama uji. Gasketi imeliwa. Pale moshi unatoka na hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inakutana na oksijeni isiyotoka kwenye injini, kompyuta inaona masega hayafanyi kazi. Gasketi na bolti mbili, dola 23. Bolti moja ya zamani ilikatikia ndani, na hiyo ndiyo iliyokula Jumamosi yangu yote.

Baada ya hapo nikaiendesha wiki nzima. Alfajiri injini ikiwa baridi kabisa, tanki nusu (likijaa sana au likikaribia kuisha, kipimo cha mvuke hakifanyiki), mtaani taratibu, halafu barabara kuu ya I-85 dakika 20 mwendo mmoja wa maili 60. Siku ya tano vyote tayari isipokuwa cha mvuke. Nikapita. Kipimo hakizidi dola 25, na ukiferi unarudia bure kituo kile kile ndani ya siku 30.

Haya, leteni za kwenu.

Bin Kisauni (Los Angeles)

Wewe una raha, ndugu yangu, wachomekewa waya tu. Yangu ni ya 1993. Huku kwetu gari ya 1999 kurudi nyuma yapandishwa kwenye rola, yakimbizwa maili 15 kisha 25 kwa saa huku mpira umechomekwa kwenye bomba la moshi. Mwaka ule kaboni monoksaidi ilikuwa safi, haidrokaboni safi, oksidi za naitrojeni zikapaa juu mbinguni.

Watu wakanishauri oili nyepesi, dawa ya kutia kwenye petroli, hata maji ya limau nahisi yangefuata. Mzee mmoja Mmeksiko ndiye aliyeniambia: naitrojeni ikizidi, jua injini yachoma moto mkali. Fungua vali ya EGR, ile irudishayo moshi kidogo ndani ili moto upoe. Vali yenyewe ilikuwa nzima, njia yake ndiyo iliyoziba. Masizi yameganda mle mfano wa lami. Nilikwangua kwa waya wa hanga na dawa ya kabureta mchana kutwa, mikono haikutakata hadi Ijumaa, nikaenda nayo msikitini vile vile. Ikapita. Huku twapima kila baada ya miaka miwili, kwa hivyo nina muda wa kupumua.

Mama Tatu (Reading, Uingereza)

Mimi MOT yangu, ukaguzi wa gari wa kila mwaka huku, iliferi kwenye kipimo cha lambda. Nikauliza lambda ni nani? Ni uwiano wa hewa na mafuta, unatakiwa uwe kati ya 0.97 na 1.03, yangu 1.07. Kaboni monoksaidi ilikuwa chini ya 0.2 bila shida. Fundi wangu, kijana wa Kisii, alicheka: mafuta yako sawa, ni bomba lina tundu. Akachomelea nyufa mbili. Na siku ya kurudia akanikataza kuzima gari. Nilizunguka barabara kuu nusu saa kwanza, kwa sababu masega yakiwa baridi hayasafishi kitu.

Mwana Bukavu (Clarkston, Georgia)

Munisamehe Kiswahili changu. Mimi ilikuwa P0455, ile ya mvuke ya petroli kuvuja, nikalia nikizani ni tanki. Ilikuwa kifuniko ya mafuta, mpira yake imepasuka. Dola 14. Sina ya kuongeza.

Kijana wa Ilala

Nyie mnahangaika kuyalinda masega, huku Dar mafundi wanakushawishi uyatoe, eti gari itakuwa nyepesi na itakunywa kidogo. Halafu wanakwenda kuyauza, maana ndani kuna platinamu na paladiamu. Mzee wangu alikubali. Gari sasa inanguruma kama trekta na ikipita kila mtu anafunga dirisha.

Mbeba Boksi

Kijana wa Ilala, hapa kuyatoa ni kosa la sheria ya nchi nzima, na wezi wanayajia usiku na msumeno. Bin Kisauni, hiyo ya waya wa hanga naiandika.

Kuna aliyeniuliza pembeni: baba yake ana miaka 71, wagoni ya 2008, anaendesha kanisani na sokoni tu. Kwa Georgia, mwenye gari akiwa na miaka 65 au zaidi, gari ina miaka 10 au zaidi, na haizidi maili 5,000 kwa mwaka, aombe msamaha wa kupima. Na gari ikifikisha miaka 25 haipimwi tena. Yangu imebakiza minne.

Mama Tatu

Minne kwa gasketi hiyo hiyo?

Mbeba Boksi

Ninayo nyingine kwenye droo.