Tupeane uzoefu: sehemu za hesabu kama 1/2 (kiasi juu, asili chini) zilikukamatia wapi?

MamaPacha: Jamani nimekumbuka mbali. Mwanangu kaja na daftari, 1/2 + 1/3 kaandika 2/5, kajumlisha juu kwa juu chini kwa chini. Nikamwambia hebu angalia, 2/5 haifiki hata nusu, sasa umeanza na nusu ukaongeza halafu imepungua, inawezekanaje? Kimya. Nyie wenzangu zilianzia wapi kuwasumbua?

kobe_mzee: Hapo hapo juu kwa juu.

DadaNesi: Yangu siyo ya darasani. Mama alikuja na mtoto amelegea, haamki vizuri, dawa aliandikiwa robo kidonge, 1/4, yeye anampa nusu kidonge siku nzima. Namuuliza kwa nini, anasema kwa upole kabisa, niliona 1/4 ni kubwa maana nne inaizidi mbili nikaogopa nikaanza na ndogo. Yaani alikuwa anamhurumia mtoto ndo akamzidishia mara mbili! Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile namba ya chini, asili, inasema kitu kizima kimekatwa vipande vingapi, kwa hiyo ikikua kipande kinapungua. Siku hizi nakikata kidonge mbele ya mzazi.

Shangazi T: Mtoto alipona???

DadaNesi: Alipona, tulimwangalia mpaka asubuhi.

namba_tasa: Na siyo yeye tu. Marekani mwaka 1978 watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8, wachague 1, 2, 19 au 21. Zote mbili zinakaribia moja so jibu ni 2. Waliopata asilimia 24 tu, zaidi ya nusu walichagua 19 au 21.

Shangazi T: Duh, pole yake huyo mama.

chaki: Mi kilichoniuma ni 7/4. Nikaacha hivyo hivyo nikakoseshwa, eti sehemu guni, yaani ya juu inaizidi ya chini, siyo jibu, andika 1 3/4.

Mwl wa Zamani: Na ni sawa, kiasi kikizidi asili unabadili iwe mchanganyiko, ndo utaratibu.

chaki: Utaratibu wa nani mwalimu? 7/4 na 1 3/4 ni namba ile ile! Na ukitaka kuzidisha unairudisha kuwa guni tena.

Mwl wa Zamani: Msomaji anataka kuona nzima ngapi na kipande gani.

namba_tasa: Basi kama swali halijasema zote zipate.

kobe_mzee: Ndiyo.

MamaPacha: Sasa nimfundisheje huyu mwanangu, KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote) au azidishe tu asili kwa asili?

chaki: Azidishe, haikosei.

Mwl wa Zamani: KDS! 1/6 + 1/8 kwa 24 ni 7/24 umemaliza. Akizidisha anapata 14/48, bado arahisishe.

DadaNesi: Mpe karatasi akunje kwanza, hizo za KDS zitakuja.