Jibu: “Like” au “as” kwenye barua ya maombi ya kazi?

> Shikamooni wakubwa. Naandika maombi ya kazi ya kuhudumia wazee hapa Leeds. Nimeweka “I worked like a nurse in Mwanza”. Ninayepanga naye anasema nifute, ila hawezi kunieleza kwa nini. Kwangu zote mbili ni “kama” tu.

Marahaba mdogo wangu. Futa leo hii, kabla hujatuma.

Sentensi hiyo inamwambia Mwingereza kwamba hukuwa muuguzi, ila ulikuwa ukifanya yale wanayofanya wauguzi. Mimi niliandika hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza huko. Kwenye usaili mama mmoja aliweka ncha ya kalamu chini ya “like” akaniuliza taratibu: kwa hiyo leseni hukuwa nayo? Nilikuwa nayo, imo kwenye bahasha mapajani mwangu. Nikaitoa, nikajieleza, lakini sauti ilishaanza kutetemeka. Kazi sikupata, na iliniuma sana maana miaka yangu ya wodini Mwanza ilikuwa ya kweli.

Tatizo ni “kama” yetu, inabeba mizigo miwili. Mimi huipima hivi: toa “kama”, weka “nikiwa”. “Nilifanya kazi nikiwa muuguzi.” Imekaa vizuri na ni kweli, basi andika “as”. Ukiona “nikiwa” inaleta uongo, jaribu “mithili ya”. Hapo ni “like”. Kijana wa Tabora anayepiga kasia mithili ya mvuvi wa Ukerewe, huyo “rows like a fisherman”. Mvuvi mwenyewe, anayeshusha samaki pale soko la Mwaloni, Mwanza, kila alfajiri, “works as a fisherman”.

Ukitaja majukumu yako, kwa mfano kufunga vidonda na kugawa dawa, tumia “such as”. “Like” nayo husikika kwenye mazungumzo, ila barua rasmi inapendeza zaidi na “such as”.

Halafu ile “na” ya “kufanana na” usiivushe maji. Ni “similar to”, siyo “similar with”. Na “sawa na” ni “the same as”. Hizo mbili nazo usizichanganye. Mwenzangu kazini aliwahi kuchungulia kibakuli changu cha dagaa wa Mwaloni, macho yao yakimtazama, akauliza ni nini. Nikamjibu “the same as sardines”. Nilimdanganya bila kujua. Dagaa wa ziwa letu la Victoria wako karibu na ningu, samaki mwingine wa ziwa hilo, kuliko sadini. Ndugu wa sadini ni wale wa Kigoma. Ningesema “they look like sardines” ningekuwa sahihi, maana hapo nazungumzia sura tu.

Wakikuuliza “What was your last manager like?”, wanataka tabia yake, siyo anachopenda.

Nitumie barua nzima nje ya kundi, niipitie. Leo nashinda hapa Kirumba, naweza kukurudishia kabla ya jioni yenu.

Dada yenu wa Kirumba

> Ahsante sana dada. Nimeipima kwa “nikiwa”, nimebadilisha sehemu tatu. Moja nimeiacha na “like”: “I cared for her like my own mother”. Nimekosea?

Hujakosea. Hakuwa mama yako. Iache.