Mafunzo ya uongozi na kujitambua kwa wanawake "wa rangi" vyuoni Marekani: nijiunge, au nibaki na maabara yangu?

BintiPangani

Salaam kwenu nyote, na shikamoo kwa wakubwa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kidogo cha binafsi huko Ohio. Ninasomea kemia, na nimefika hapa kutoka Tanga kwa ufadhili unaolipa ada yote lakini haulipi nauli ya kurudi nyumbani. Wiki iliyopita ofisi ya wanafunzi iliniandikia kunialika kwenye mafunzo ya uongozi na kujitambua yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanawake wa rangi, yaani wanafunzi wa kike wote wasio Wazungu: Wamarekani Weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, Waasia, wenyeji wa asili wa nchi hii, na sisi tuliotoka Afrika. Yanaanza kwa siku mbili za kulala nje ya chuo, kisha kuna vikao vya Jumamosi asubuhi kwa wiki sita.

Kinachonitatiza kwanza ni jina lenyewe. Kwetu rangi ni utani wa ndani ya nyumba: dada yangu ni maji ya kunde, mimi ni mweusi tititi, na bibi hututania sote wawili. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa wala kujiita mwanamke wa rangi, mpaka nilipojaza fomu ya chuo. Halafu kuna hilo neno kujitambua. Mimi nilifundwa, somo yangu alinikalisha chini, akanieleza mimi ni nani, kwa watu gani, na kwa wajibu upi. Sasa mtu asiyelijua hata jina la mtaa wetu atanifundisha nijitambue kwa siku mbili hotelini?

Mama, nilipompigia simu, aliuliza kama cheti cha mafunzo hayo kinaongeza alama. Nilipomwambia hapana, alinyamaza, nanyi mnaujua ukimya wa mama. Isitoshe, Jumamosi asubuhi ndio wakati pekee ambapo maabara yetu huwa tupu na mtu anaweza kurudia majaribio yake bila kusukumana. Nawaomba waliopitia mafunzo ya namna hii waniambie bila kupamba: humo ndani hufanyika nini, na mtu hutoka na nini mkononi?

MamaZawadi, Minneapolis

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Mimi niliyapitia mafunzo haya mara mbili nikiwa chuoni, mara ya kwanza yakiwa ya hovyo na mara ya pili yakiwa ya maana, kwa hiyo nitajaribu kukueleza yote mawili.

Nianze na jina, kwa sababu hata mimi lilinikera. Loretta Ross, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, ameeleza mara nyingi kuwa lilitokana na mkutano mkuu wa taifa wa wanawake uliofanyika Houston mnamo Novemba 1977. Kundi la wanawake Weusi lilikwenda huko na mpango wake lenyewe, kwa kuwa yaliyokuwa yameandikwa kwenye rasimu kuhusu wanawake wa jamii za wachache yalikuwa machache na hafifu. Wanawake wa jamii nyingine walipouona mpango huo waliomba nao waingizwe, na katika mazungumzo ya kuuandika upya ndipo walipohitaji jina la kuwabeba wote. Kwa maelezo yake, lilikuwa jina la mapatano ya kufanya kazi pamoja, wala halikukusudiwa kueleza ngozi ya mtu. Unaweza kulivaa unapoingia kikaoni na kulivua ukirudi bwenini. Bibi yako ataendelea kukuita anavyokuita.

Kuhusu kujitambua, mwanangu, somo yako alikufundisha wewe ni nani mbele ya watu wanaokujua. Hapa umefika mbele ya watu wasiokujua, ambao tayari wana majibu yao. Wangari Maathai alikuja Marekani mwaka 1960 kusomea biolojia katika chuo cha wanawake kilichoendeshwa na masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas, na katika kumbukumbu za maisha yake amesimulia jinsi, wakiwa bado njiani na wenzake, walivyoingia mkahawani kununua soda wakaambiwa hawawezi kukaa kunywea humo ndani kwa sababu ni Weusi. Alikuwa msichana wa Nyeri aliyelelewa vizuri na aliyejijua barabara, lakini hilo hakuwa ameambiwa na mtu. Sehemu ya kujitambua inayofundishwa huku, inapofundishwa vizuri, ni hiyo: kujua umewekewa nini juu yako na mahali ulipofika, ili usidhani kimeota ndani yako.

Mafunzo yangu ya kwanza hayakugusa hata kidogo jambo hilo. Tulipewa kadi tuchague mnyama anayefanana nasi, tukasimuliana machungu, tukalia, tukakumbatiana, na Jumatatu tukarudi darasani kila mtu kimya kama alivyokuwa. Mimi nilichagua twiga. Mpaka leo sijui kwa nini.

Ya pili yaliendeshwa na mwezeshaji ambaye asubuhi ya kwanza alitugawia bajeti ya serikali ya wanafunzi, akauliza ni nani kati yetu anajua zile fedha za shughuli za wanafunzi tunazokatwa kila muhula hugawiwa na kamati gani, lini, na kwa kura ya watu wangapi. Tulikuwa wasichana kumi na wanane, wote wenye alama nzuri, na hakuna aliyejua. Tukaisoma ile bajeti mstari kwa mstari. Mchana tukaigiza kikao cha kamati, mmoja akiwa mwenyekiti mwenye haraka, wawili wakiwa wajumbe wa kupinga kila kitu, na wengine tukijaribu kupitisha ombi la fedha. Hapo nilijifunza kuwa hoja inayotajwa kwa mara ya kwanza kikaoni kwa kawaida huahirishwa, na kwamba kazi halisi ya kuiingiza kwenye ajenda hufanyika siku nne kabla, kwa barua mbili na kikombe cha chai na katibu.

Jioni alitusomesha kesi ambayo Kimberlé Crenshaw aliitumia katika makala yake ya sheria ya mwaka 1989. Wanawake Weusi waliokuwa wameachishwa kazi na kampuni ya magari ya General Motors waliishtaki, na mwaka 1976 mahakama ya St. Louis ikawakatalia kuunganisha madai ya rangi na madai ya jinsia kuwa dai moja. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, ila Wazungu. Tena ilikuwa imeajiri watu Weusi, ila wanaume. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyebaguliwa, na wale waliosimama mbele ya hakimu hawakuwa na mlango wa kuingilia. Crenshaw alilifananisha jambo hilo na mtu aliyesimama njia panda, ambaye magari yanaweza kumgonga kutoka pande zote. Nikiwa nimekaa katikati ya wasichana ambao wazazi wao walitoka Mexico, Laos na Mississippi, niliona kwa mara ya kwanza kwamba kuna jambo ambalo sote tunaweza kulizungumzia bila kutafsiriana.

Siku iliyofuata tulichora mto wa maisha, na kila mmoja akatakiwa kuonyesha mahali alipoanza kunyamaza. Mimi nilidhani sijawahi kunyamazishwa. Nilipochora niligundua kuwa adabu niliyolelewa nayo, ya kutomkatiza mkubwa na kutomtazama machoni anaponisemesha, ilikuwa inasomwa na walimu wangu kama dalili ya kutoandaa somo. Sikuiacha adabu hiyo, na nyumbani kwangu watoto wanaishika, ila tangu siku ile nilijua ni wapi inanisaidia na ni wapi inanigharimu alama.

Kwa hiyo waandikie waandaaji uwaulize watakuwa wanafanya nini saa tatu asubuhi ya Jumamosi ya tatu. Wakikujibu kwa maneno matamu yasiyo na kitendo, nenda maabara.

MzeeKibao

Wajukuu, mimi ni mwalimu mstaafu niliye hapa Dar es Salaam, sijakanyaga Ohio, lakini nimefundisha wasichana kwa miaka thelathini na moja na nina wasiwasi na mambo haya. Uongozi unaofundishwa hotelini, kwa watu ambao hawana kazi yoyote waliyokabidhiwa, unanikumbusha kumfundisha mtu kuogelea kwenye mchanga. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji mwanamke wa kuongoza kitengo chake cha wanawake, ilimpata Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa mjini. Hakuwa na cheti cha uongozi. Alichokuwa nacho ni kuwafahamu viongozi wa vikundi vya lelemama na vinginevyo, na uzoefu wa kuwakusanya wanawake, kuwachangisha na kuwapatanisha, na kwa miezi michache waliandikishwa kwa maelfu. Kikundi cha ngoma ndicho kilichokuwa chuo chake.

Hata huko Marekani kwenyewe sikatai kwamba mafunzo yalizaa matunda, ila tazameni ni mafunzo gani. Diane Nash alihamia Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, mwaka 1959, akakuta mji ambao mtu Mweusi anauziwa kitambaa dukani lakini hapewi chakula kwenye kaunta ya duka hilohilo. Akaanza kuhudhuria warsha za James Lawson za harakati zisizo za kutumia nguvu. Humo walitukanana na kusukumana kwa kuigiza, ili siku watakapotukanwa na kusukumwa kweli mwili usishtuke. Februari 1960 wakaenda kukaa kwenye zile kaunta. Tarehe 19 Aprili, baada ya nyumba ya wakili wao kulipuliwa kwa bomu, maelfu wakaandamana kimya hadi ofisi za jiji, na Nash, akiwa na miaka 21, akamuuliza meya hadharani kama anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya akakiri kwamba si haki, na tarehe 10 Mei kaunta zikaanza kuhudumia watu wote. Warsha ile ilikuwa na siku, mahali na kaunta mbele yake. Nataka kusikia ya kwenu ina nini mbele yake.

MamaZawadi, Minneapolis

Shikamoo Mwalimu. Hapo sina la kupinga, isipokuwa moja. Nash alikuta tayari kuna watu wanaokutana. Msichana aliye peke yake katika darasa la kemia hana kikundi cha lelemama cha kumlea, na wakati mwingine hizo siku mbili hotelini ndiko anakokutana na wenzake kwa mara ya kwanza.

Furaha_Uvira

Jambo kwenu. Mimi ni Mkongo wa Uvira, nilifika Texas na wazazi wangu kama wakimbizi, na ninasoma katika chuo cha umma. Nataka kuongeza jambo ambalo BintiPangani huenda halimgusi leo kwa kuwa chuo chake ni cha binafsi, lakini ni vizuri alijue. Mwaka 2023 bunge la jimbo letu lilipitisha sheria ambayo, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, inavizuia vyuo vya umma kuwa na ofisi za kushughulikia tofauti za rangi na jinsia, au kuendesha mafunzo yaliyopangwa kwa kufuata rangi, kabila au jinsia ya mtu. Kwetu ofisi iliyokuwa inaandaa mafunzo kama hayo ilifungwa, bango likaondolewa mlangoni, na mama mmoja aliyekuwa akitusaidia kuandika barua za ufadhili akahamishiwa idara nyingine.

Hata hivyo sheria hiyohiyo haivihusishi vyama vya wanafunzi wenyewe, wala masomo yanayofundishwa darasani. Basi tukaandikisha chama. Tunakutana Alhamisi jioni, wageni wanakaribishwa wote, na kila muhula tunachagua mweka hazina mpya ili wengi wapate kushika daftari la fedha. Nawaambia kweli, nilijifunza uongozi zaidi katika kulinganisha risiti za mikate na vinywaji kuliko katika semina zote nilizohudhuria kabla ya hapo.

Wala hatukubuni kitu kipya. Januari 1913 wasichana Weusi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, walianzisha chama chao cha Delta Sigma Theta, na tarehe 3 Machi mwaka huohuo walikuwa tayari wameingia barabarani katika maandamano ya kudai kura kwa wanawake, ambayo baadhi ya waandaaji wake hawakutaka Weusi waonekane katikati yao. Chama kilikuwa hakijatimiza miezi miwili. Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, mwaka 1968, alikuwa mwanachama wake.

Kwa hiyo dada, ukienda kwenye mafunzo hayo chukua majina na namba za simu za wote utakaokuwa nao. Ofisi inaweza kufungwa wakati wa likizo mkiwa hampo.

BintiPangani

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama Zawadi, na asante dada Furaha.

Niliwaandikia waandaaji kama nilivyoelekezwa, nikauliza kuhusu Jumamosi ya tatu saa tatu asubuhi. Siku mbili hawakujibu, nikadhani nimewaudhi. Kisha mratibu akanipigia mwenyewe, akasema Jumamosi hiyo huwa wanakaa na mhasibu wa serikali ya wanafunzi, na kwamba kila mshiriki humaliza wiki sita akiwa amepeleka ombi moja la kweli mbele ya kamati moja ya kweli, likubaliwe au likataliwe. Akaniuliza mimi ningeomba nini. Nilijikuta nimesema, kabla sijafikiri, kwamba ningeomba maabara ya kemia ifunguliwe Jumapili jioni, kwa sababu sisi tunaofanya kazi mkahawani na maktabani hatuna saa nyingine. Akacheka, akasema idara hiyo ina kamati ya watu watano na haijawahi kuwa na mjumbe mwanafunzi.

Mwalimu, nadhani hiyo ndiyo kaunta yangu, ingawa ni ndogo.

Nimejiandikisha. Jana usiku nilimsimulia mama kwa simu habari za Wangari na ule mkahawa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: kama kwenye hiyo hoteli watapika chakula cha halali.