Tupeane uzoefu: ulichaguaje simu janja ya kazi kwa ajili ya barua pepe na mazungumzo?

Mleta mada

Ndugu wanachama, salaam. Nafungua uzi huu baada ya kukosa kazi moja niliyoihangaikia kwa miezi mitatu. Sikuikosa kwa sababu ya bei wala upungufu wa vifaa. Barua pepe ya mteja iliingia kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza barua) saa 3:10 asubuhi, simu yangu ikaja kuionyesha saa 7:40 mchana, ilhali muda wa kuthibitisha ulikuwa umekwisha saa 6. Mimi ni mratibu wa usafirishaji wa mizigo. Siku nzima niko baina ya maghala na magari, kompyuta naifungua usiku tu, na simu ndiyo ofisi yangu.

Simu yenyewe ilikuwa mpya, ina kamera nzuri, nafasi ya kutosha na betri ya mAh 5,000 inayokaa siku mbili, na hizo ndizo sifa zilizonivutia. Baadaye nilielewa kwamba kukaa siku mbili kuna gharama yake. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikiwa imetulia mahali pamoja, kioo kimezimika na haiko kwenye chaji, mfumo huzilaza programu na kuziruhusu kuamka kwa vipindi tu. Programu inayopokea taarifa kupitia huduma ya arifa ya Google huweza kuamshwa jambo la dharura likifika, lakini ile inayotegemea saa yake yenyewe kwenda kuiuliza seva kila baada ya dakika kadhaa, kama niliyokuwa nikiitumia kwa barua za ofisi, husubiri mpaka zamu yake ifike. Juu ya hapo, baadhi ya watengenezaji huongeza ukali wao na kuzifunga kabisa programu ambazo mtumiaji hajazigusa kwa muda. Asubuhi ile simu ilikuwa juu ya meza ya ghala, imelala fofofo.

Niliingia kwenye mipangilio ya betri, nikaiondolea programu ya barua pepe vizuizi vyote, na barua zikaanza kufika kwa wakati. Wiki chache baadaye simu ilipakua sasisho la mfumo na kizuizi kikarudi pasipo mimi kujua.

Sasa nabadilisha simu, na safari hii sitaki kuchagua kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze alichagua nini, kilimkwamisha nini, na ni jambo gani angependa kulijua kabla ya kulipa. Tubaki kwenye barua pepe na mazungumzo ya simu, maana habari za kamera na michezo zina nyuzi zake.

Mchangiaji, mshauri wa kodi

Pole sana, ndugu. Mimi nilianza kusoma barua pepe mkononi enzi za BlackBerry, na kwa kazi hiyo moja sijapata tena kifaa nilichokiamini kiasi kile. Research In Motion ya Kanada ilitoa BlackBerry 850 mwaka 1999, na nguvu yake haikuwa kibodi peke yake, ingawa vitufe vile niliweza kuviandikia maelezo ya kurasa mbili huku macho yangu yakiwa kwenye jedwali la mteja. Nguvu yake ilikuwa kwamba barua ilisukumwa kutoka kwenye seva mara ilipoingia, bila simu kwenda kuuliza. Hicho ndicho mleta mada alichokikosa asubuhi ile, na ajabu ni kwamba kilikuwepo kabla ya simu nyingi tunazozishika leo kubuniwa.

Nilizing'ang'ania simu hizo hadi 4 Januari 2022, kampuni iliposimamisha huduma zilizoiendesha mifumo ya simu zake, BlackBerry OS na BlackBerry 10, na kutangaza kwamba hata kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi kwenye simu hizo hakutakuwa kwa uhakika tena. Tangazo lilitolewa mapema na mimi nililisoma. Mapenzi yalinifanya nichelewe kuhama. Mwaka huohuo, kuanzia Oktoba, Microsoft ilianza kuizima kwenye Exchange Online, huduma yake ya barua pepe za ofisi, njia ya zamani ya kuingia kwa jina na nenosiri pekee, hatua iliyokuwa sahihi kwa usalama wetu sote. Programu kongwe ya barua kwenye simu yangu ya akiba haikuijua njia mpya. Iliniuliza nenosiri lilelile mara kumi, nami nikawa nalibadilisha nikidhani nimelisahau.

Kwa hiyo swali langu la kwanza nikishika simu yoyote ni hili: masasisho ya usalama yatakoma lini? Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, lakini ahadi hutofautiana toleo kwa toleo ndani ya kampuni ileile. Angalia toleo lenyewe kabla ya kuangalia jina la kampuni. Kumbuka pia kwamba hesabu huanza simu ilipoingia sokoni, hivyo anayeinunua miaka mitatu baadaye amekwisha kupoteza miaka mitatu.

Mchangiaji, wakala wa bima

Wengi wetu tunazungumzia barua pepe na kusahau kwamba simu ni ya kupigia. Mimi nina laini mbili, moja ya familia na moja ya wateja, na nilinunua simu ya laini mbili nikiamini zote zinapatikana wakati wote. Simu nyingi za aina hiyo huziweka laini zote mbili katika hali ya kusubiri, lakini ukianza kuzungumza kwa moja, nyingine haipatikani. Mteja aliyepata ajali alinipigia mara tano nikiwa nazungumza na dada yangu, na kila mara aliambiwa sipatikani. Alipokuja kunipata alikuwa analia, na kila nikikumbuka sauti yake ninaumia.

Nilichofanya ni kuweka agizo la kuhamisha simu pale laini ya wateja isipopatikana. Kwa msimbo wa kawaida wa mitandao ya simu ya GSM ni **62* ikifuatiwa na namba ya kupokelea kisha #. Niliielekeza kwenye laini ya familia na kuwasha huduma ya simu kusubiri, hivyo mteja akipiga nikiwa nazungumza, nasikia mlio na kuona namba yake. Ulizeni kwanza mtandao wenu unatoza nini kwa huduma hiyo.

Jambo la pili ni VoLTE, yaani kuzungumza juu ya mtandao wa 4G wenyewe. Simu isiyokuwa nayo hushuka hadi 3G au 2G kila unapopiga, na ikishuka hadi 2G data husimama, kwa hiyo huwezi kufungua kiambatisho ambacho mteja anakueleza habari zake sikioni. Haitoshi simu kuandikwa kwamba ina VoLTE. Lazima iwe imekubaliwa na mtandao unaoutumia. Nchini Marekani, mitandao mikubwa ilipozima 3G mwaka 2022, simu zisizo na VoLTE iliyokubaliwa zilibaki bila uwezo wa kupiga hata pale ambapo intaneti yake ilikuwa inafanya kazi.

Kuhusu sauti, nina neno moja tu. Usijaribu simu ndani ya duka tulivu. Nenda nayo kando ya barabara yenye magari, mpigie mtu unayemwamini, umwombe akuambie anasikia nini. Sisi wapigaji tunasikia spika ya simu yetu, ilhali mteja anasikia kinachonaswa na maikrofoni ya simu yetu, na hiyo hatuijui mpaka mwingine atuambie.

Mchangiaji, mhasibu

Langu ni fupi. Nilipoweka barua za ofisi kwenye simu mpya nilichagua POP3 badala ya IMAP, njia mbili za simu kupokea barua kutoka kwenye seva, kwa sababu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. POP3 huzishusha barua kwenye kifaa, na ikipangwa hivyo huzifuta kwenye seva. Simu ilipotumbukia majini, barua za wiki sita zilikwenda nayo. IMAP huziacha kwenye seva, na vifaa vyote huonyesha kitu kimoja. Kabla ya kulaumu simu, angalieni hapo.

Mchangiaji, mkalimani

Natumia iPhone na nilidhani tatizo la mleta mada ni la Android peke yake. Akaunti yangu ya kawaida ya Gmail niliiweka kwenye programu ya barua iliyokuja na simu, na barua zikawa zinafika kwa makundi, nyingi zikifika jioni. Sikuwa nimeelewa mpangilio wenyewe. Barua za iCloud na za Exchange husukumwa hadi kwenye programu hiyo, lakini za Gmail simu huenda kuzichota kwa ratiba, na ratiba ikiachwa ijiendeshe yenyewe, uchotaji wa chinichini hufanyika simu ikiwa kwenye chaji na kwenye Wi-Fi. Ndiyo maana zilikuwa zikifurika nikirudi nyumbani. Nilisakinisha programu ya Gmail yenyewe nikaruhusu arifa zake, na tangu hapo sijachelewa. Simu ilikuwa nzima. Niliyekosea kuipanga ni mimi.

Mchangiaji, fundi wa mitambo ya kupooza hewa

Wasio na uwezo wa kununua mpya, kama mimi, wasikilize hili. Nilinunua simu iliyotumika, safi kabisa, ikafanya kazi vizuri kwa miezi miwili. Nilipoifuta ili kuipanga upya, ilipounganishwa tu na intaneti ilionyesha ukurasa unaosema inasimamiwa na kampuni fulani na kudai nenosiri la mfanyakazi wa huko. Ilikuwa simu ya ofisi ya watu, haijaondolewa kwenye orodha yao, na hakuna fundi mwaminifu anayeweza kulimaliza jambo hilo bila kampuni hiyo. Aliyeniuzia hakupatikana tena.

Siku hizi silipi kabla muuzaji hajaifuta simu mbele yangu, tukaiunganisha na Wi-Fi na kuipanga mpaka kioo cha mwanzo kabisa. Napiga *#06# na kulinganisha tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na zile zilizo kwenye mipangilio. Naweka laini yangu mwenyewe, nikapiga na kupigiwa. Naangalia pia ilitengenezwa kwa soko gani, kwa sababu iPhone 14 za mwaka 2022 zilizouzwa Marekani, kwa mfano, hazina kabisa tundu la laini na hutumia eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu, na simu ya soko jingine huweza kukosa masafa ya 4G ambayo mtandao wako unayategemea ndani ya majengo. Ukikosa masafa ya chini, kama ya MHz 700 au 800, unaweza kuwa na mtandao mzuri uani na usiwe nao kwenye chumba cha mitambo, mahali hasa ambapo mteja anakutafuta.

Mchangiaji, aliyewahi kuwa afisa mauzo

Naongeza jambo la ofisi na mali binafsi. Mwajiri wangu wa zamani alitaka barua za kazi ziwe kwenye simu yangu mwenyewe, nami nilipoweka akaunti nilibonyeza kukubali bila kusoma kwamba naipa seva yao haki ya kuifuta simu. Siku nilipoacha kazi agizo la kufuta lilitumwa, na pamoja na barua zao zikaenda picha za marehemu mama yangu ambazo sikuwa nimeziweka mahali pengine popote. Sidhani aliyebonyeza alikuwa na nia mbaya. Mfumo uliofungwa hivyo haukutenganisha kilicho chao na kilicho changu.

Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 kuna wasifu wa kazi, sehemu iliyotengwa ndani ya simu, yenye programu zake na alama yake ndogo ya mkoba, ambayo mwajiri anaweza kuifuta bila kugusa upande wako binafsi, na ambayo wewe unaweza kuizima kazi ikiisha. Simu yoyote nitakayonunua kwa kazi ya kuajiriwa lazima ikubali wasifu huo, na lazima nione ukifanya kazi kabla sijaingiza akaunti. Mwajiri akikataa, basi anipe simu yake.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Afisa mauzo, pole kwa picha za mama; nimesoma mara mbili, na usiku huohuo nikahamisha zangu.

Nimechukua mawazo yenu na kwenda nayo kwa muuzaji aliyekubali kunipa siku tatu za kurudisha. Niliweka akaunti ya ofisi kwa IMAP, nikaweka laini yangu, nikapiga nikiwa barabarani. Jaribio la barua nililifanya hivi: simu imechomolewa kwenye chaji, kioo kimezimwa, iko mezani bila kuguswa, nami nikajitumia barua kutoka akaunti nyingine baada ya nusu saa, baada ya saa moja na baada ya saa tatu. Simu ya kwanza ilipokea mbili za mwanzo mara moja, ya tatu ikaja nilipowasha kioo, hata baada ya kuondoa vizuizi vya betri. Niliirudisha, ingawa kamera yake ilikuwa bora na kioo chake kilikuwa kikubwa zaidi.

Ya pili ni ya daraja la kati, betri yake ni ndogo kidogo na jioni huhitaji chaji. Barua zote tatu zilifika ndani ya dakika moja. Nikarudia usiku kucha kwa barua moja kila saa, na asubuhi nikalinganisha saa za kutumwa na saa za arifa: hakuna iliyopishana kwa zaidi ya dakika mbili. VoLTE inafanya kazi kwenye mtandao wangu, nimeifungua ramani huku nikizungumza na dereva. Ndugu wakala wa bima, msimbo wako nao umekubali. Leo mteja amenipigia nikiwa kwenye laini nyingine, na nimeiona namba yake.